Sukari ya Mama kwenye mstari wa 19

Simu iliita saa kumi na moja alfajiri. Mwenye ndugu majuu anaijua hofu ya simu ya saa hiyo; unaipokea huku umeshaanza kusali. Kwa mdogo wangu, kule Houston, ilikuwa bado saa tatu usiku wa jana yake, watoto wamelala na mkewe ameingia zamu. "Shikamoo dada," akasema, na moyo ukanitua kidogo, maana mwenye habari ya msiba haamkii kwa utulivu namna ile. Kisha akaniomba kitu ambacho hajawahi kuniomba katika miaka 14 aliyokaa kule. Alitaka nimwandikie Mama anatumia shilingi ngapi kwa mwezi. "Kila kitu, dada. Hata chumvi."

Nikadhani anataka kuongeza anachotuma. Nilishaanza kumshukuru. Ndipo akasema, "Nafilisika, dada. Nimeshapata na wakili."

Neno hilo kwetu lina picha yake. Ukisikia fulani kafilisika unaona dalali na kipaza sauti, makochi yametolewa nje, majirani wamesimama mbali mikono kifuani. Nakiri kwamba nilimwonea aibu kabla sijamwonea huruma. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kuwa kule aliko, kufilisika ni ombi ambalo mdaiwa mwenyewe hulipeleka mahakamani kwa fomu, akieleza chini ya kiapo ana mali gani, anadaiwa na nani, anaingiza kiasi gani na anatumia kiasi gani. Fomu moja kati ya hizo ndiyo iliyotuingiza mimi na Mama kwenye karatasi za mahakama ya Marekani, sisi ambao hatujawahi hata kupanda ndege. Mdogo wangu ameniruhusu niandike. Naandika kwa sababu nyumba nyingi za Moshi zinakula kutoka kwenye mstari mmoja wa fomu ile, na wenye nyumba hizo hawajui kwamba mstari huo upo.

Alifikaje huko, nitasema kwa kifupi, maana madeni ya watu wazima yanafanana. Alikuwa dereva wa malori wa kuajiriwa, akaamua kununua la kwake kwa mkopo mwaka 2022. Bei za kusafirisha mizigo zikashuka, injini ikafa, mgongo nao ukamlaza miezi mitatu. Bima ililipa sehemu ya hospitali, iliyobaki ikaangukia kwenye kadi za mkopo, na kadi moja ikawa inalipa nyingine. Alipokaa na kujumlisha, alikuwa anadaiwa dola 80,000 na ushee. Muda wote huo hakuacha kutuma nyumbani hata mwezi mmoja. Sisi tulikuwa tunapokea ujumbe wa M-Pesa na kusema, Mungu ambariki, kijana anaendelea vizuri.

Wakili alimpeleka kwenye aina ya ombi inayoitwa Sura ya 7. Humo mali isiyolindwa na sheria inauzwa kuwalipa wadai, na madeni mengi yanayobaki yanafutwa. Njia nyingine kubwa ni Sura ya 13, ambapo unabaki na mali yako lakini unawekwa kwenye mpango wa marejesho wa miaka 3 hadi 5. Kabla ya kufungua ombi lazima uhudhurie mafunzo ya ushauri wa madeni, na baadaye mafunzo mengine ya kupanga fedha. Ada ya mahakama kwa Sura ya 7 ilikuwa dola 338, na mwenye shida anaweza kuomba ailipe kwa awamu.

Lakini moyo wa shughuli yote uko kwenye majedwali mawili. Jedwali I linaandikwa mapato ya mwezi. Jedwali J linaandikwa matumizi. Unatoa la pili kwenye la kwanza, unapata kinachobaki, na hicho kinachobaki ndicho kinachosemwa sana. Kikiwa kikubwa, wanaosimamia ufilisi watauliza kwa nini mtu mwenye salio kama hilo afutiwe madeni badala ya kuwekwa kwenye mpango wa kulipa. Sheria ilikazwa mwaka 2005, na tangu hapo kipato cha mwombaji kinalinganishwa pia na kipato cha kati cha familia za jimbo lake zenye idadi ileile ya watu.

Jedwali J linakuuliza maisha yako mstari kwa mstari. Kodi ya nyumba. Umeme, maji, simu na intaneti. Chakula na vitu vya kuendeshea nyumba. Malezi na elimu ya watoto. Mavazi na ufuaji. Matibabu na meno. Usafiri. Burudani, hata magazeti na vitabu. Sadaka. Bima. Kila mstari una kisanduku cha dola, na mwisho kuna jumla.

Mdogo wangu aliijaza mara ya kwanza peke yake, usiku, akaituma kwa wakili akiwa na fahari. Chakula cha watu wanne: dola 300. Mavazi: sifuri. Matibabu: sifuri, mtu aliyekuwa akimeza vidonge vya mgongo kila siku. Burudani: sifuri. Kusaidia wengine: sifuri. Wakili alimpigia akamuuliza kama watoto wake wanatembea uchi. Alipokuwa ananisimulia alikuwa bado anaona uchungu. Alidhani mahakama itamheshimu kwa kujinyima. Ndivyo tulivyolelewa: mwenye deni anakula kimya kimya, anavaa shati lilelile, anaonyesha watu kwamba anajibana.

Kumbe alikuwa anajiangamiza kwa kalamu. Ukipunguza matumizi kwa aibu, fomu inasema una salio ambalo huna. Unaweza kusukumiwa mpango wa miaka 5 wa kulipa fedha ambayo kila mwezi inaishia kwenye dawa na viatu vya shule, na ukishindwa unarudi pale pale, umechoka zaidi. Ukiongeza, nako umejitafutia balaa, kwa sababu taarifa za benki ziko mezani na pale unapotia saini pameandikwa wazi kwamba uongo unaweza kukupeleka kwenye faini ya hadi dola 250,000, au kifungo cha hadi miaka 20, au vyote viwili. Kinachotakiwa ni ukweli wa mwezi wa kawaida, pamoja na yale yanayokuja mara moja kwa mwaka, yakigawanywa kwa 12.

Sasa huo mstari wa 19. Unauliza malipo mengine unayofanya kusaidia watu ambao hawaishi na wewe. Nilimwambia anisomee tena na tena kwenye simu. Fomu ile haimhesabu Mama kuwa mtu wa nyumba ya Houston, maana halali pale, lakini imempa mstari wake. Na kwa wale ambao kipato chao kimevuka kile cha kati na wanapimwa kwa fomu ndefu zaidi, sheria inataja waziwazi gharama za kumtunza mzee, mgonjwa wa muda mrefu au mlemavu wa familia ya karibu asiyeweza kujilipia. Nilikaa na maneno hayo siku nzima dukani. Tumezoea kusikia kwamba Mzungu hana ndugu, kwamba kule kila mtu na lwake. Na hapa ni sheria yao inamuuliza mdogo wangu: mama yako unamtunzaje?

Wakili alitaka mchanganuo. Hakutaka "hela ya matumizi". Jumamosi nikafunga duka saa sita, nikapanda Hiace ya Old Moshi pale Kiboriloni, nimebeba kaunta buku mpya. Sikumwambia Mama sababu yote. Nilimwambia mdogo wangu anatakiwa aonyeshe serikali ya kule anamtunza nani. Akavuta kigoda karibu na mlango wa jiko, akafunga kanga vizuri kama anayekwenda kutoa ushahidi, akaanza.

Dada wa kazi anayekaa naye, mshahara 90,000. Dawa za kisukari na presha pamoja na vipimo, 85,000. Chakula, 160,000. Umeme na gesi, 40,000. Nauli za kliniki, Hiace na bodaboda pale mvua inapoharibu njia, 20,000. Kibarua wa kupalilia kahawa na kukata majani ya ng'ombe, 40,000. Bahasha ya ahadi usharikani na rambirambi za misiba, 30,000. Ada ya binti wa marehemu kaka yetu, ambaye mdogo wangu ndiye anayemsomesha, ni 1,800,000 kwa mwaka, nikagawanya, 150,000. Na Desemba. Mchaga yeyote anajua Desemba. Watoto na wajukuu wakishapanda mlimani kwa Krismasi nyumba ya Mama inageuka hoteli, na mdogo wangu ndiye hununua mbuzi na mchele hata kama yeye hayupo. Laki sita kwa wiki mbili. Kwa mwezi, 50,000.

Tulipofika kwenye chakula nilimtaka avunje kitu kimoja kimoja. Mchele kilo kadhaa kutoka Mbuyuni, maharage, dagaa, mafuta, unga, majani ya chai. Ndizi za nyumbani, hatuhesabu. Maziwa ya nyumbani. Sukari kilo nne.

Nikaweka kalamu chini. "Mama, sukari kilo nne ya nani? Wewe una kisukari."

Akanyamaza. Dada wa kazi akainuka akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa. Mama akatazama migomba, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kilo tatu zinakwenda kwa shangazi, dada wa marehemu Baba, anayeishi peke yake bondeni tangu mwanawe afariki. Sukari, sabuni mche mmoja, na mafuta ya taa kipindi kile umeme wake ulipokatwa. Miaka minne sasa. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona hela si yake, ni ya mwanawe, na hakujua kama ana haki ya kuitoa.

Silika yangu ya kwanza ilikuwa kuifuta. Nilijisemea kwamba wakili hatalielewa hilo. Lakini nikakumbuka mdogo wangu na sifuri zake. Mama naye alikuwa amejaza fomu yake kichwani, na kwenye mstari wa kusaidia wengine akaandika sifuri kwa aibu ileile. Nikaandika kilo nne. Iko ndani ya ile 160,000, haionekani kwa jina, lakini ipo.

Jumla ilikuja 665,000. Kwa dola moja kwa 2,500, ili hesabu iwe rahisi, ni dola 266.

Nilipiga picha kurasa nikazituma usiku uleule, nikiwa nimeridhika. Baada ya siku mbili akanipigia. Wakili amepitia taarifa za benki za miezi 6. Wastani wa fedha zilizokwenda Tanzania ulikuwa dola 580 kwa mwezi. Akauliza, hizi nyingine 314 zinakwenda wapi?

Hapo ndipo nilipopaona kwetu kwa macho ya mtu wa mbali. Tulianza kupitia miamala mmoja mmoja kwenye simu. Kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa rafiki wa Baba. Kipaimara cha watoto wawili wa binamu. Injini ya pikipiki ya mtoto wa mjomba. Kodi ya chumba ya mtu aliyesema anahamia Arusha kutafuta kazi na hakuhama. Msiba, msiba, harusi. Kila muamala ulikuwa na ujumbe wa kumlainisha: kamanda, tajiri yetu, mtoto wa nyumbani usitusahau. Watu walikuwa wanampiga mizinga kila wiki, na yeye, akiwa amelala chali na mgongo wake, alikuwa anatelezesha kadi ya mkopo ili asionekane amebadilika. Sisemi michango ni mibaya. Baba alizikwa kwa michango. Ninachosema ni kwamba katika wale wote hakuna aliyejua kwamba anakula deni, na mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote na sikujua.

Wakili alikuwa wazi: kwenye mstari wa 19 inakaa ile ya kudumu, yenye maelezo, ambayo kweli ataendelea kuitoa. Hizo nyingine ziishe. Mdogo wangu aliziacha siku ileile. Kilichoingia kwenye fomu ni 266.

Lakini kulikuwa na karatasi nyingine, ile ya historia ya fedha zako, nayo ina swali lake: ndani ya miaka 2 kabla ya kufungua ombi, umempa mtu yeyote zawadi ambazo jumla yake imezidi dola 600? Andika jina, andika ulichompa na lini. Na sheria inampa msimamizi wa ufilisi nafasi ya kurudi nyuma miaka hiyo 2 kufuatilia mali ambayo mtu aliyelemewa na madeni aliigawa bure.

Jina langu lilikuwemo. Mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma alinitumia 4,000,000, dola 1,600, kwa mpigo. Nilimwambia naongeza mzigo dukani. Sasa akaniuliza kwa upole, "Dada, nikiulizwa niseme ilikuwa ya mtaji?"

Haikuwa ya mtaji. Nilikuwa nimeingia kwenye mkopo wa mtaani wa riba kali, ule tunaouita kausha damu, wa 1,500,000, marejesho kila Jumatatu, na nilipokwama nikachukua wa pili kulipa wa kwanza. Wakopeshaji walikuwa wameshaandika friji la duka, televisheni na cherehani. Miezi michache kabla ya hapo niliona kwa macho yangu, hapa Pasua, wakitoa godoro kwa jirani mchana kweupe, mtoto aliyekuwa amelala juu yake wakamhamishia kwenye mkeka. Sikutaka kufika pale. Nikamdanganya mdogo wangu kwa sababu niliona dada mkubwa hawezi kumwambia mdogo wake neno kama hilo.

Wakati ule sikujua kwamba Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inasema hata mahakama inapokamata mali ya mdaiwa haigusi nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko yake na ya familia yake. Sikujua kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba nilikuwa na haki ya kumuuliza yake iko wapi. Sikujua hata kwamba nchi yetu ina Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25. Neno ufilisi limo kwenye jina kamili la RITA, Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, ambao wengi wetu tunaujua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Niseme tu kwamba ningeuliza mtu mmoja anayejua, nisingefika Jumatatu ya kumi na saba nikitetemeka.

Nilimwambia ukweli. Ilinibidi; yeye ndiye angeapa, na uongo wangu ungekaa mdomoni mwake. Simu ikawa kimya mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akasema, "Kumbe sote wawili." Akacheka kidogo, na mimi nikalia. Akaandika: dada, dola 1,600, kumsaidia kulipa deni.

Likaja swali la ardhi. Fomu ya mali inauliza kama una haki yoyote kwenye nyumba au ardhi, na sheria yao inahesabu mali popote ilipo duniani. Yeye alitaka kuandika hapana. Lakini ni mziwanda wa kiume, na kwa mila ya Kichaga kihamba cha Baba, yaani shamba la urithi lenye nyumba, pale Mama anapoishi, kinamwangukia yeye. Hakuna hati, hakijagawanywa, na makaburi ya babu na Baba yako pale kwenye migomba. Utaiandikaje dola kihamba? Nilimsihi aseme. Wakili aliandika yaliyo kweli: ardhi ya familia, haijagawanywa, mama mjane anaishi humo, thamani haijulikani. Hayo yalitosha.

Na deni la binamu aliyeko Dallas, dola 3,000, lililotolewa kindugu bila karatasi. Hilo ndilo lilimuuma zaidi. Alitaka amlipe kwanza, kimyakimya, kabla ya kufungua ombi, ili jina la ndugu lisisomwe mahakamani. Wakili akamkataza. Wadai wote wanaandikwa, ndugu pamoja nao, na malipo kwa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi yanaangaliwa kwa jicho kali, maana kumlipa ndugu na kumwacha mgeni ni upendeleo. Binamu akapata barua ya mahakama kwa posta na akanuna miezi miwili. Ila sheria haimzuii mtu kulipa kwa hiari yake deni lililofutwa. Mdogo wangu anamlipa sasa, dola 100 kila mwezi.

Kitu kimoja kilinishangaza, na nilikwenda kumwambia mwinjilisti wetu. Mdogo wangu aliogopa kuandika sadaka, akidhani ataonekana mpumbavu, mtu anadaiwa na bado anatoa. Kumbe tangu mwaka 1998 sheria ya kule inalinda utoaji wa kanisani na wa misaada hadi asilimia 15 ya kipato ghafi cha mwaka. Fungu la kumi linaenea humo na linabaki nafasi.

Kuna mstari wa 24 pia, unaouliza kama unategemea matumizi kuongezeka au kupungua ndani ya mwaka. Binti yetu alikuwa kidato cha nne, anamaliza Novemba. Wakaandika hivyo.

Kikao na msimamizi kilifanyika kwa njia ya video, kwake asubuhi, kwetu saa kumi na moja jioni. Nilikuwa dukani, simu mkononi, nashindwa hata kumpimia mteja mchele. Kilichukua dakika chache tu. Aliapishwa, akaulizwa kama amesoma alichosaini na kama kila mdai ameandikwa. Kisha msimamizi akauliza hizi fedha za kila mwezi Tanzania ni za nani. Akajibu, mama yangu na binti wa marehemu kaka yangu, mchanganuo upo. Na hizi 1,600? Dada yangu alikuwa na deni. Msimamizi akaendelea na swali jingine. Mambo ambayo sisi tulikaa nayo kifuani usiku na mchana yalipita kwa sentensi mbili, kwa sababu yalikuwa yameshaandikwa.

Lori lilirudi kwa waliokopesha. Gari dogo na vitu vya ndani vilibaki. Miezi minne tangu afungue ombi, amri ya kufutiwa madeni ilitoka. Rekodi hiyo itakaa kwenye historia yake ya mikopo miaka 10, na kupata nyumba ya kupanga kumekuwa kugumu. Ameajiriwa tena, anaendesha malori ya watu, analala nyumbani.

Mama alikuja kuambiwa yote mwezi ule, na mdogo wangu mwenyewe, kwa video, mimi nikiwa nimeshika simu pale jikoni. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama watoto wanakula. Kisha akasema kibarua wa kahawa apunguzwe siku, kahawa haijawahi kujilipa tangu Baba afariki.

Sasa anatuma 600,000 tarehe 1, na 65,000 natoa mimi dukani. Binti amefaulu na yuko kidato cha tano shule ya serikali, kwa hiyo ile ya ada imepungua, tunaiweka kwa ajili ya Desemba. Anayetaka mchango anaambiwa apitie kwangu. Kaunta buku linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, na Jumapili ya mwisho wa mwezi namsomea mdogo wangu mstari kwa mstari. Mwezi uliopita nilisoma haraka, gari lilikuwa linaondoka. Akanikatisha.

"Sukari ya shangazi umeisoma?"

"Nimeisoma. Kilo tatu."

"Na sabuni?"

Nikageuza ukurasa kuangalia.